Safu ya Saba

Hapa Hartford baridi huingia kwa mlango wa uani,
kama mtu mwenye deni.
Ghorofa ya nne, kampuni ya bima,
tuliobaki tunaosema Kobol tulikuwa wawili:
mimi, Mwajabu,
na Dolores Pawlak, miaka sitini na nane,
miwani ya kamba, chupa ya kahawa asiyomgawia mtu.

Shaweji, mtoto wa mjomba, ninayechangia naye kodi,
anaandika Rust.
Mshahara wake ukiusoma kwa sauti, jirani atafunga dirisha.
Kila Alhamisi ana baraza lake:
vijana ishirini, piza, vibandiko vya kaa mwekundu kwenye kompyuta.
Mmoja akikwama, mtu wa Toronto humnasua
kabla piza haijapoa.
"Na nyinyi," huniuliza, "mnakutana wapi?"
Kwenye lifti, namjibu.

Mistari yake arobaini ni mistari yangu mia nne.
Bwana Whitcomb ana chati inayolisema hilo kwa rangi;
nguzo yangu fupi kama kisigino.
Chati haisemi kwamba hiyo mia nne
imeamka kila usiku saa nane tangu mwaka themanini na tatu,
haijaugua, haijaomba likizo,
ikawapelekea pensheni wajane wa Waterbury.

Kobol ina adabu za kizamani.
Sentensi huisha kwa nukta.
Sahau nukta, na mjane analala na njaa.
Safu sita za mwanzo ni za namba;
ya saba, ukiweka nyota,
mashine hupita bila kusoma,
kama mkwe aliyekuta mlango wa bafu wazi.
Humo ndimo Dolores alimozungumza miaka arobaini:

* Usiguse hesabu hii. Niliiandika na mimba ya miezi minane, na iko sawa.
* Frank kasema ifutwe. Frank kahama, hesabu ipo.
* Samahani kwa fujo. Jana tumemzika baba.

Hilo ndilo lililokuwa baraza langu.

Machi akastaafu. Keki, kadi,
madaftari matatu niliyokabidhiwa kwa mikono miwili.
Jumatatu Bwana Whitcomb akaja mezani kwangu mwenyewe,
yeye ambaye hakuwahi kujua meza yangu iko wapi.
"Taja bei yako."
Nikataja, huku nimeona haya.
Akaiandika bila kupepesa,
nikajua nimetaja ndogo.

Sasa nampita Shaweji.
Mkono mtupu haulambwi, na wangu unalambwa:
simu za Ohio, simu za Delaware,
watu wasiojua kutamka jina langu wananiita dada.
Lakini saa tisa ya usiku nimuulize nani?
Kidole kimoja hakivunji chawa,
na chawa wa Kobol ni wazee, ngozi ngumu.
Nikampigia Dolores. Ilipoita mara ya tatu akapokea.
"Nukta," akasema, hata sijaeleza. "Itafute nukta."
Nyuma yake nilisikia televisheni, na mtu akicheka.

Bibi mzaa baba, kule Goima,
mwishoni alisema Kiburunge na kuku wake tu.
Sisi wajukuu tulimjibu Kiswahili, tukikimbilia shule.
Hakuna kampuni iliyomfuata
ikamwambia ataje bei.

Nukta niliipata alfajiri, mstari wa elfu mbili na kumi na sita.
Magari ya kusukuma theluji yalikuwa yakipita chini.
Nikaweka nyota kwenye safu ya saba
nikaandika kwa Kiswahili,
maana mashine haisomi na Whitcomb hapiti huku:

* Wewe utakayekuja, kahawa iko kabati la chini. Tulikuwepo

Nafasi zilibaki tatu kwenye mstari ule.
Nilikaa nazo mpaka kukapambazuka.